Mandolini ya Kwanza: Inunue kwa Jicho la Muuzaji

Mandolini ni chombo kidogo cha muziki mfano wa gitaa, chenye nyuzi nane, na yangu ya kwanza niliipenda kwa macho kabla sijaisikia. Ilikuwa ya umbo la F, ina ule msokoto begani kama gamba la konokono, na vanishi yake iling'aa hadi ungeweza kujitazama. Nilipoiuza mwaka mmoja baadaye nilipata chini ya nusu ya pesa niliyotoa, na mnunuzi bado aliondoka akiguna. Ya pili ilikuwa ya umbo la A, imechubuka ukingoni, haina pambo hata moja. Niliipiga miaka mitatu, nikaiuza kwa bei iliyokaribia sana ile niliyonunulia. Zote mbili zilikuwa zimetumika kabla yangu. Ila ile ya kwanza hasara yake niliipata siku ileile niliyotoa pesa, basi tu sikujua.

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye bado hajui kupiga hata wimbo mmoja, na angependa kwamba akikata tamaa baada ya miezi sita, au akikomaa na kutaka chombo bora zaidi, sehemu kubwa ya pesa yake irudi mfukoni.

Hatua ya 1: Piga hesabu kama ya kupanga nyumba

Mandolini mpya ikishatoka dukani hushuka thamani, mara nyingi kwa kama theluthi ya bei, hata kama haijapigwa. Baada ya hapo kushuka hupungua mwendo sana. Kwa hiyo unatafuta chombo ambacho mwenzako ameshalipia ule mshuko wa kwanza.

Tuseme mpya inauzwa 1,000, wewe unaipata kwa 650, na baada ya miaka miwili unaiuza 600. Umelipa 50 kwa miezi 24, kama kodi ya chumba. Sasa ongeza malipo ya fundi wa kuirekebisha, nyuzi mpya mara kadhaa, na kama unauza kwa njia ya mtandao, ada ya soko na usafirishaji. Hizo hazirudi. Ndiyo maana kununua na kuuza ana kwa ana, ikiwezekana, ni bora kuliko kupunguziwa kidogo na mtu wa mbali.

Anayesema mandolini ni akiba kama ardhi, mwache na ardhi yake. Kwa chombo cha anayeanza, lengo ni kupoteza kidogo.

Hatua ya 2: Chagua umbo

Mandolini za kisasa za mgongo bapa au uliobinuka kidogo ziko za aina mbili kuu. A ina umbo la tone la maji. F ina msokoto begani na ncha mbili zilizochongoka. Ukiacha kwamba msokoto unakupa pa kufungia mkanda, hauongezi chochote unachoweza kukisikia: A na F zenye ubao uleule, matundu yaleyale na fundi yuleyule zinalia karibu sawa. Lakini kuuchonga ule msokoto na kuuzungushia mapambo ni kazi ya saa nyingi, na saa hizo unazilipia wewe. Pesa moja ukiipeleka kwenye A unapata ubao mzuri zaidi. Ukiipeleka kwenye F ya bei ya chini, kuna mahali kiwanda kimebana, na mara nyingi kimebana kwenye ubao.

Tamaa ya F ina chanzo chake. Kati ya 1922 na 1924 kampuni ya Gibson, huko Kalamazoo, Michigan, ilitoa mandolini za F-5 zilizosimamiwa na kutiwa saini na Lloyd Loar. Bill Monroe, aliyeasisi bluegrass, muziki wa Kimarekani wa vyombo vya nyuzi, alipiga F-5 ya 1923 kwa miongo mingi, na tangu hapo kila mpenzi wa muziki huo anaitaka sura ile. Zile zenye saini ya Loar leo zinauzwa kwa bei ya nyumba. Zingatia hapo: kuna chapa ya kisasa iitwayo The Loar, ya vyombo vya bei nafuu, ambayo haina uhusiano na mikono ya bwana yule. Chombo chenyewe si kibaya, lakini muuzaji akianza kukusimulia "Loar ya zamani" huku akishika kitu cha bei ya baiskeli, msikilize kwa adabu halafu uage.

Aina ya tatu ni ile yenye mgongo wa mviringo kama kibuyu, ya mtindo wa Napoli. Utazikuta nyingi, zimepambwa vizuri, zina umri wa miaka mia na zaidi, bei ni ya kutupa. Kwa anayeanza nazikataa. Zilitengenezwa kwa nyuzi nyepesi. Mtu akizifunga nyuzi nzito za leo, shingo inapinda na uso unazama. Gharama ya kuzifufua karibu kila mara huzidi bei ya kuziuza.

Unayetumia mkono wa kushoto, jua kwamba mandolini ya kushoto ni adimu kuinunua na ni ngumu kuiuza. Wengi hujifunza kwa mkono wa kulia, maana mikono yote miwili ni migeni siku ya kwanza.

Hatua ya 3: Chungulia ubao

Hili ndilo linaloamua bei ya baadaye kuliko jambo lingine lolote. Uso wa mandolini ama umechongwa kutoka kwenye ubao mzima, kwa kawaida sprusi (mti wa jamii ya msonobari), ama ni plaiwudi iliyobonyezwa kwa moto ikapinda. Mgongo na mbavu huwa ni mepo, mbao ngumu, nao vilevile ama mzima ama plaiwudi. Wapigaji wengi huamini kwamba ubao mzima unaendelea kufunguka sauti kadiri unavyopigwa, na wanunuzi wanautafuta. Plaiwudi inavumilia vurugu lakini sokoni haina mwenyewe.

Usiulize muuzaji, angalia mwenyewe. Shika taa ya simu, tazama ukingo wa tundu la sauti, pale mbao ilipokatwa. Ukiona mistari ya nyuzi za mti ikishuka kutoka usoni na kupita moja kwa moja hadi ndani, ni ubao mzima. Ukiona tabaka kama za keki, au ukingo umepakwa rangi nyeusi nzito kana kwamba kuna anayeficha kitu, chukulia kuwa ni plaiwudi. Kwa mgongo, tafuta alama fulani ya nje, doa au mchirizi, kisha chungulia ndani kama alama hiyo ipo pia.

Hatua ya 4: Jina ambalo mnunuzi wa kesho atalitambua

Kuna vyombo vizuri sana vya mafundi wasiojulikana. Vinunue ukishakuwa mpigaji. Sasa hivi unahitaji jina ambalo mgeni atalitafuta kwenye simu akiwa amesimama mbele yako na kupata bei zake.

Kwa kiwango cha anayeanza, mbili ninazozirudia bila kuchoka ni Eastman na Kentucky. Eastman MD305 na Kentucky KM-150 zote ni za umbo la A, zina matundu mawili ya sauti yenye umbo la herufi f na ubao mzima uliochongwa. Zimeuzwa kwa wingi, kwa hiyo bei yake inajulikana, na walimu huzitaja, kwa hiyo mnunuzi hakosekani. Kentucky za miaka ya nyuma zilizotengenezwa Japani zina wapenzi wao. Ukikutana nayo iliyo nzima usikimbilie kuipita.

Ukiwa na pesa zaidi, Gibson za umbo la A za mwanzoni mwa karne ya 20, zenye tundu la duara dufu, ndizo nafuu kuliko Gibson nyingine za enzi hizo na zinashikilia thamani. Za kabla ya mwanzoni mwa miaka ya 1920 hazina chuma cha kurekebishia shingo, kwa hiyo shingo iliyopinda haikazwi kwa ufunguo, inapelekwa kwa fundi. Flatiron za Montana na Collings za Texas nazo huuzika bila kupigiwa debe. Ila hizi ni ngazi ya juu, na anayeanza akizinunua bila mtu wa kumwongoza anaweza kulipia kasoro asizoziona.

Mandolini za umeme, za nyuzi nne, za rangi ya zambarau: nunua kama unazipenda, lakini usitarajie foleni siku ya kuuza. Rangi ile ya machweo, kahawia inayofifia kuwa dhahabu katikati, haijawahi kumchosha mtu.

Hatua ya 5: Jua bei iliyolipwa

Bei iliyoandikwa kwenye tangazo ni matumaini ya muuzaji. Unachotaka ni bei ambayo pesa ilitoka mkononi kweli. Kwenye eBay unaweza kuchuja vilivyokwisha kuuzwa, na Reverb, soko la mtandaoni la vyombo vya muziki, huonyesha mauzo ya nyuma ya aina nyingi. Kusanya mauzo matano au sita ya aina unayoitaka, tupa ya juu kabisa na ya chini kabisa, zilizobaki ndiyo bei. Lenga nusu ya chini ya hizo, na uwe tayari kusubiri. Haraka ndiyo inayowaponza wengi. Wiki ya pili mtu ameshachoka kutafuta, anashika chochote.

Kasha gumu likija pamoja na chombo, lihesabu kama pesa.

Hatua ya 6: Kikague mkononi

Hapa chukua muda wako wote, hata kama muuzaji anatazama saa. Beba taa, rula ndogo yenye milimita, na programu ya kupimia sauti kwenye simu.

Kabla ya jambo lolote, nyuzi zikazwe hadi mahali pake: jozi nne, G, D, A na E, sawasawa na fidla, A ikiwa hertz 440. Hili nimelilipia. Kuna chombo nilikiona jioni, kikapigika laini, nyuzi zimelala karibu na shingo, nikafurahi, nikalipa. Nyumbani nikagundua zilikuwa zimelegezwa kwa zaidi ya sauti moja nzima. Nikazikaza. Nyuzi nane zikikazwa sawasawa huvuta kwa zaidi ya kilo 70, na asubuhi niliamka nikakuta nyuzi zimenyanyuka juu ya freti ya 12 (freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo) kiasi cha kupitisha penseli, na pale shingo inapoingia tumboni pana ufa mwembamba kama unywele. Muuzaji hakupokea simu tena. Kwa hiyo ikiwa imelegea, kaza wewe au mwombe akaze, kisha mzungumze habari nyingine kwa nusu saa huku mbao ikilia na kutulia. Akikataa kata kata kuikaza, ameshakujibu.

Ikishatulia, pima urefu wa nyuzi kwenye freti ya 12, kutoka mgongo wa freti hadi tumbo la uzi. Karibu milimita 2 kwa jozi nene na 1.5 kwa jozi nyembamba ni pazuri. Ukikuta 3 au zaidi, usikate tamaa bado: tazama daraja, kile kipande cha mbao kinachobeba nyuzi juu ya uso. Daraja nyingi zina magurudumu mawili madogo ya kulipandisha na kulishusha. Kama magurudumu yana nafasi ya kushuka, hiyo ni kazi ya dakika kumi na ni hoja nzuri ya kuombea punguzo. Kama yameshafika chini kabisa na nyuzi bado ziko juu, tatizo liko kwenye pembe ya shingo, na kuing'oa shingo na kuirudisha ni ghali kuliko mandolini yenyewe. Hiyo iache.

Tazama uso kwa ubavu, ukiinua chombo hadi usawa wa jicho. Uso uliochongwa hubinuka polepole kama mgongo wa kobe. Ukiona umezama kuzunguka miguu ya daraja kama kitanda kilicholaliwa, kuna ubao wa ndani uliobanduka au uso ulichongwa mwembamba mno. Gonga taratibu kwa kifundo cha kidole huku na huku. Mlio wa kukwaruza ndani ni kitu kilicholegea.

Nyufa: zilizozibwa vizuri na fundi zinapunguza bei lakini si mwisho wa dunia. Zilizo wazi, na hasa shingo iliyowahi kuvunjika karibu na kichwa, ni za kuepuka. Mchubuko wa vanishi haudhuru kitu. Vanishi iliyopakwa upya ni hadithi tofauti: kwenye chombo cha zamani wafanyabiashara hukata karibu nusu ya thamani. Muuzaji anayejivunia kwamba ameing'arisha upya Gibson ya babu yake anakwambia amechoma nusu ya pesa.

Freti za kwanza tatu ndizo huchakaa. Kwa kuwa nyuzi huenda kwa jozi, utaona vishimo viwili viwili kama alama za meno. Vya juujuu fundi anavisawazisha. Vikiwa vimezama, freti zitabadilishwa, na gharama hiyo inaweza kula sehemu kubwa ya bei ya chombo cha anayeanza. Piga kila jozi kwenye kila freti, moja moja, usikilize zinazokwaruza. Hata usiyejua kupiga unaweza hilo.

Zungusha vitasa vyote vinane vya kukazia. Vizito ni mafuta tu. Vinavyozunguka bila uzi kubadilika ni meno yaliyolika.

Mwisho wa ukaguzi ni jambo linalowapa wajuaji faida. Daraja la mandolini halikugundishwa. Linashikiliwa na mkandamizo wa nyuzi peke yake. Mtu akibadilisha nyuzi zote kwa mpigo, daraja linahama, na tangu siku hiyo chombo kinatoa sauti zisizopatana kila anapopanda shingoni. Wapo wanaouza kwa sababu hiyo tu, wakiamini chombo kimeharibika. Gusa uzi juu kabisa ya freti ya 12 bila kuukandamiza, upige, utalia kwa sauti nyembamba. Kisha ukandamize freti hiyohiyo, upige tena. Sauti mbili zinapaswa kufanana kwenye kipimo. Zikitofautiana, pima kwa rula: kutoka mwanzo wa shingo upande wa kichwa hadi freti ya 12, na kutoka hapo hadi daraja. Kwa mandolini nyingi kila upande ni karibu sentimita 17.6, upande wa daraja ukizidi kidogo sana. Kama daraja limekaa mbali na hapo, umepata chombo kizima kwa bei ya kibovu. Sogeza taratibu ukishafika kwako, si mbele ya mwenyewe.

Hatua ya 7: Kama ni wa mbali

Omba picha za mchana, bila vichujio: ubavu wa uso, mwungano wa shingo na tumbo, freti tatu za kwanza kwa karibu, mgongo wa kichwa, na karatasi ya nembo ndani ya tundu pamoja na namba yake. Omba pia video fupi, kipimo cha sauti kikionekana. Mkubaliane siku mbili za kukagua kabla mauzo hayajawa ya mwisho. Asiyekubali hata moja, huyo anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Ikivuka mpaka wa nchi, uliza vifaa. Mandolini kongwe za mgongo wa kibuyu mara nyingi zina gamba la kasa, pembe za ndovu au rozwudi (mbao ngumu ya thamani) ya Brazili, na vyote hivyo vinabanwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Vyombo vilivyokamilika vya rozwudi nyingine viliondolewa kwenye masharti mnamo Novemba 2019, baada ya usumbufu wa karibu miaka mitatu, lakini ile ya Brazili bado imo.

Hatua ya 8: Kwa fundi, na baada ya hapo

Mpelekee fundi anayejua mandolini, si gitaa peke yake, aweke daraja, achonge mifereji ya nyuzi, afunge nyuzi mpya. Chombo kikishatengenezwa hivyo vidole vyako havitaumia nusu ya vile vingeumia, na wengi wanaoacha mandolini huacha kwa sababu ya maumivu hayo. Hifadhi risiti.

Halafu kazi yako ni kutofanya mambo. Usitoboe tundu la kitufe cha mkanda wala la waya wa kipaza sauti. Mkanda wa A unafungwa kichwani kwa kamba ya ngozi. Usibandike stika. Ukibadilisha kitu chochote, kile cha awali kiweke kwenye bahasha ndani ya kasha. Unyevu wa hewa ukae kati ya asilimia 40 na 60, na chombo kisilale kwenye gari juani. Futa nyuzi kwa kitambaa kila ukimaliza, na ukizibadilisha, nenda uzi mmoja baada ya mwingine ili daraja lisihame. Piga picha za siku ya kwanza, zenye kila mchubuko, ili baadaye usibishane na kumbukumbu zako.

Hatua ya 9: Siku ya kuuza

Funga nyuzi mpya siku mbili kabla. Mnunuzi husikia nyuzi kabla ya kusikia mbao. Taja kasoro zote wewe mwenyewe, kwa picha, kwenye sentensi za mwanzo za tangazo. Mnunuzi aliyekwisha kuambiwa habari ya ufa mdogo hana tena cha kukushushia bei mlangoni. Mwonyeshe risiti ya fundi, bahasha ya vipuri na picha zako za zamani.

Ikisafirishwa, legeza nyuzi kidogo tu ili daraja lisianguke, kunja kitambaa laini chini ya nyuzi pande zote mbili za daraja, na uhakikishe kichwa hakigusi ukuta wa kasha. Kasha nalo liingie kwenye boksi lenye nafasi ya kiganja kila upande, iliyojazwa karatasi hadi ukilitikisa usisikie kitu.